Bodi ya Kumwona Baba Mkwe

Jumatatu, 2 Juni

Leo naandika kwa kalamu nzuri. Bodi imefika! Imekuja na basi la asubuhi kutoka Iringa, ndani ya boksi dogo, na jina langu juu kwa herufi kubwa: FUNDI RABSON, IYUNGA, MBEYA. Konda alitaka kunikabidhi bila kuniomba kitambulisho. Nikamwonyesha hivyo hivyo.

Ni ndogo, inaenea kiganjani. Ya kijani. Ina miguu ya pini pande mbili na tundu la USB kichwani. Ni kompyuta ya kujifunzia. Unaiandikia maagizo kwenye laptop, unaiunganisha kwa waya, inatii. Inawasha taa, inapiga king'ora, inaweza hata kujifanya kibodi ikaandika maneno kwenye kompyuta bila mtu kugusa kitu. Ndani ya boksi wameweka pia king'ora kidogo na sensa ya mwendo, ile inayohisi joto la kiumbe anayepita.

Madam Veneranda, mwenye karakana kule Iringa, amegawa bodi tano kwa mafundi watano. Kila mmoja aijaribu kwa wiki moja, aandike tathmini: inafaa kwa nini na inashindwa wapi. Jumatatu ijayo tunakwenda Iringa kuonyesha. Atakayemridhisha ndiye mkufunzi wa karakana mpya ya Mbeya. Meza yake mwenyewe! Kiti cha kuzunguka!

Wenzangu wanne nawajua. Mmoja ni Liberatus, ambaye kibanda chake cha kutengeneza simu kinapakana na changu hapa Iyunga. Boksi lenyewe alihangaika nalo robo saa kulifungua. Nimemwonea huruma. Kwa kuwa mimi naondoka, nimemwachia kibanda changu. Nimemwandikia barua kabisa, na balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Budeba, ameweka saini kama shahidi. Liberatus aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Watu wasiojiamini wana maswali mengi.

Mke wangu Devotha alitaka kujua kwa nini nisingesubiri matokeo kwanza. Nilimwambia nyota njema huonekana asubuhi. Akasema asubuhi ya leo ilikuwa na ukungu. Ni Mhehe wa Tosamaganga, wale wana maneno.

Jumanne, 3 Juni

Bodi ni mbovu!

Nimeichomeka kwenye laptop tangu saa mbili. Taa yake inawaka, laptop haina habari. Nimezima, nimewasha. Nimepuliza tundu. Nimesafisha pini kwa spiriti. Nimehamia meza nyingine. Wapi! Nikaandika ukurasa mzima wa tathmini, kwa lugha ya kiungwana, kwamba bodi hii ni nzuri kwa macho tu.

Nikampigia Madam Veneranda kumpa pole, maana ameuziwa takataka. Aliniuliza natumia waya gani. Nikasema waya wangu mzima kabisa, unachaji simu tangu mwaka juzi. Akasema kuna nyaya za kuchaji tu, zinapitisha umeme lakini hazipitishi maneno. Nikamkumbusha kwamba nipo kwenye kazi hii mwaka wa kumi na moja. Akasema vizuri, nijaribu mwingine.

Devotha alikuwa anasikiliza huku anachambua mchele. Akaenda chumbani, akarudi na waya wa kamera ya zamani ya kaka yake. Akachomeka. Laptop ikalia tiing, bodi ikaonekana. Nilimweleza kwamba nilianza na waya mbovu makusudi, kwa sababu tathmini ya kweli lazima ianzie chini. Alisema sawa Baba Blessing, kwa jina la mtoto wetu aliye shule ya bweni, akarudi kwenye mchele wake.

Ule wa kuchaji nimeurudisha mkobani pamoja na huu mwingine. Waya mzuri, wa nini kuutupa.

Jumatano, 4 Juni

Baba ameingia leo kutoka Tukuyu. Amekuja kutengenezewa meno. Leo wamempima, meno yatakuwa tayari Ijumaa ya wiki ijayo. Kwa hiyo tunaye siku kumi.

Na hapo ndipo akili yangu ilipofunguka.

Kwetu Unyakyusa, baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani. Hawakutani uso kwa uso, hawakai chumba kimoja. Mmoja akipita, mwenzake anajificha au anageukia ukutani. Ni heshima. Siku hizi wengi wameiacha. Baba hajaiacha. Devotha, Mhehe wa watu, alisema tangu siku ya harusi kwamba ukiingia nyumba ya wenyewe huanzi kwa kuhamisha viti. Mwaka wa tisa huu hawajawahi kuonana sura. Wanasalimiana mmoja yuko huku, mwingine kule, na wanapendana kwelikweli. Baba hula chakula chake chote, halafu hutuma shukrani kupitia kwangu.

Sasa nyumba ya Tukuyu ni kubwa, ina milango miwili. Yangu ina korido moja. Uende sebuleni, jikoni au chooni uani, lazima upite korido hiyo. Siku kumi!

Wenzangu watawasha taa. Liberatus najua atawasha taa. Mimi nitalinda heshima ya ukoo kwa bodi! Nimefunga sensa kwenye kona ya korido. Baba akitoka chumbani, sensa inamhisi, king'ora kinalia jikoni, na bodi inaandika kwenye laptop MKWE ANAPITA. Devotha anafunga mlango wa jikoni. Baba anapita salama. Hakuna mtu mwingine Tanzania nzima aliyewaza hivi, nina hakika.

Nimemkabidhi Devotha daftari, aandike kila kikilia. Mimi nitakuwa nafikiri.

Alhamisi, 5 Juni

Sensa ni kali ajabu. Imelia kuku alipopita. Imelia kuku aliporudi. Imelia nilipokwenda kuangalia kwa nini imelia. Devotha amefunga na kufungua mlango wa jikoni mpaka bawaba imeanza kulalamika. Maharage yameungua. Nimemweleza kwamba kelele nyingi maana yake ni usikivu mkubwa, hiyo ni sifa.

Jambo moja dogo. Nilikuwa namwandikia Madam Veneranda barua pepe ya maendeleo, kwenye laptop ile ile. Kuku akapita. Katikati ya sentensi yangu nzuri kuhusu ubunifu ikaingia MKWE ANAPITA. Nikafuta. Akapita tena. Mwisho nikatuma bila kusoma. Alijibu kwamba amepokea, na anamsalimu mkwe, na anauliza kama barua nzima inahusu mkwe.

Jambo la pili ni la kisayansi. Baba ana tabia ya kukohoa kabla ya kutoka chumbani. Anakohoa mara mbili, anasubiri, ndipo anafungua mlango. Devotha akisikia kikohozi anajificha. Kwa hiyo bodi inasaidiwa! Nitajuaje kama ni bodi imefanya kazi au ni koo la Baba? Huo ni udanganyifu kwenye mtihani. Nimemwendea Baba kwa heshima zote, nimepiga goti, nikamwomba asikohoe mpaka Jumatatu.

Akasema yeye amekohoa hivyo tangu alipopata mkwe wa kwanza. Nikamwambia dunia imebadilika. Akajifunika blanketi lake, akasema haya.

Ijumaa, 6 Juni

Siku mbaya. Nitaandika kwa kifupi.

Asubuhi baridi ilikuwa ya kukata masikio. Barafu nyembamba juu ya ndoo uani. Baba ametoka chumbani na koti lake zito, juu ya koti blanketi, limemfunika mpaka kichwani. Hakukohoa, mtu wa ahadi. Amepita mbele ya sensa. Sensa kimya! Ile ile inayopiga kelele kwa kifaranga, kimya kabisa.

Devotha alikuwa anatoka jikoni na beseni la maji ya moto, anapeleka bafuni kwa ajili ya Baba mwenyewe. Wakakutana katikati ya korido. Macho kwa macho.

Beseni lilianguka. Baba akageukia ukutani, akajifunika uso. Devotha akatoka mbio kwa mlango wa mbele, peku, akaenda kwa jirani. Nilimkuta amekaa jikoni kwa watu, kanga mdomoni, analia. Alisema miaka tisa ameilinda heshima ile, na mzee atarudi Tukuyu akisema mkwe wake Mhehe hana adabu. Nilitaka kumweleza kuhusu kiwango cha usikivu. Nikaona kwanza nikamletee kandambili zake. Nilijisikia vibaya, naandika kweli, nilijisikia vibaya sana.

Nyumbani Baba alikuwa ameshafunga mkoba wake. Anataka kuondoka bila meno! Nikamwomba radhi kwa niaba ya bodi. Hapo ndipo akaniambia neno.

"Mimi nimekohoa maisha yangu yote na sijawahi kumkosea mkwe. Wewe ndiye uliyeniziba mdomo."

Nilimshika miguu asiondoke. Akasema kwa desturi ya ukoo wetu jambo hili linatengenezwa kwa kuku mmoja na maneno machache, lakini kuku anatoka kwa mwenye kosa, na mwenye kosa si mkwe.

Jumamosi, 7 Juni

Kuku amechinjwa. Ni yule yule aliyekuwa akipita korido. Mimi ndiye nimemkamata, mimi nimemnyonyoa.

Baba alikaa sebuleni, Devotha jikoni, mlango umefungwa katikati. Baba akasema maneno ya kikwetu, kisha akasema kwa Kiswahili, ili mkwe asikie vizuri, kwamba hakuona kitu jana isipokuwa beseni la maji moto aliloletewa, na anashukuru. Kule jikoni nikamsikia Devotha anapiga vigelegele kwa sauti ndogo. Mzee ameruhusiwa kukohoa. Mkoba umefunguliwa. Nimefurahi mpaka nikala shingo bila kulalamika.

Mchana nilikuwa kitandani nafikiri juu ya taarifa yangu. Dirishani naona mambo ya ajabu. Baba anatembea uani, anapita mbele ya sensa ambayo Devotha ameihamishia nje. Anapita na blanketi. Anarudi bila blanketi. Anapita na koti peke yake. Anapita na shati. Baridi ile! Kama mara thelathini. Uzee ni kitu kigumu. Nikadhani amepakumbuka Tukuyu, anapoteza muda. Devotha alikuwa nyuma ya pazia la jikoni na daftari mapajani, akimwambia kitu mara kwa mara bila kumwangalia, kisha anaandika. Nadhani anamwandikia mama yake barua.

Nimewaacha. Watu wakishapatana usiwaingilie.

Jumapili, 8 Juni

Niko ndani ya basi, tumepita Makambako. Naandika juu ya goti.

Asubuhi, watu walipokuwa kanisani, nilikaa na bodi na kuliangalia tatizo kama mwanaume. Tatizo ni kwamba sensa haikumwona Baba. Lakini Madam hakuwepo! Madam ataona tu kitakachotokea kesho mbele yake. Kwa hiyo nimeing'oa sensa kabisa, nikaandika maagizo mapya. Kesho nikiichomeka bodi kwenye kompyuta yoyote, itajifanya kibodi na kuandika yenyewe: IMEFANYA KAZI VIZURI. Inabonyeza kitufe cha kushuka mstari, inaandika tena. Kila sekunde tano. Watu watashangaa! Bodi inayojitathmini yenyewe! Chema chajiuza.

Taarifa yangu ya maandishi ni ukurasa mmoja na nusu. Nyepesi. Nikaona daftari la Devotha mezani, limejaa maandishi, nikalitia mkobani kuongeza uzito. Sikulisoma. Ni kuku alipita, kuku alirudi, nayajua.

Devotha alinifungia viazi vya kuchemsha na akauliza kama nimesoma daftari. Nikasema kwa makini sana. Akafurahi. Baba alikohoa ndani ya chumba chake kuniaga.

Liberatus yupo kwenye basi hili hili, kiti cha nyuma. Ana karatasi moja tu mkononi. Moja! Nimempa kiazi.

Jumatatu, 9 Juni

Iringa. Stendi iko bondeni, mji uko kilimani. Nilipanda kwa miguu kwa kujiamini, nikafika natokwa jasho.

Karakana ni chumba kikubwa chenye meza ndefu. Madam Veneranda ni mama mfupi, mpole, miwani imening'inia kifuani. Kompyuta yake ilikuwa inaonyesha ukutani jedwali la majina yetu: Liberatus wa kwanza, mimi wa tano. Mbele ya kila jina kuna nafasi ya maoni yake.

Liberatus alionyesha taa ya banda la vifaranga. Si nilisema! Inawaka giza likiingia. Akasoma karatasi yake: bodi ilizimika mara tatu kwa sababu waya ulilegea, amejifunza kuubana. Basi. Akakaa. Nilimwonea huruma tena.

Zamu yangu. Nilianza kwa hotuba fupi kuhusu heshima na teknolojia, dakika kumi na tano. Nikaomba kutumia kompyuta ya Madam. Nikachomeka. Kimya. Ulikuwa ule waya wa kuchaji. Nikaubadilisha bila haraka, kama mtu aliyepanga hivyo. Nikachomeka tena.

Ikaanza! IMEFANYA KAZI VIZURI, kubwa, ukutani. Chumba kizima kikasema aaa. Nikainamisha kichwa kupokea sifa. Nilipoinua macho nikaona inapoandika. Kishale kilikuwa kimeachwa kwenye jedwali, kwenye nafasi ya maoni, mbele ya jina la Liberatus. Liberatus: IMEFANYA KAZI VIZURI. Ikashuka mstari. Fundi wa pili: IMEFANYA KAZI VIZURI. Wa tatu: IMEFANYA KAZI VIZURI. Watu wakaanza kucheka. Jamani! Jasho lilinitoka upya. Wa nne: IMEFANYA KAZI VIZURI. Nikaurukia waya, nikauvuta kwa nguvu zangu zote.

Jedwali likabaki hivyo ukutani. Wote wamefanya vizuri isipokuwa nafasi moja nyeupe, ya tano.

Madam hakucheka. Aliuliza sensa iko wapi. Nikasema Mbeya. Aliuliza bodi iliyoandika maneno yale ilikuwa inapima nini. Nikasema imani. Akaomba maandishi. Nikamkabidhi taarifa yangu, na juu yake daftari zito.

Akavaa miwani. Taarifa yangu aliimaliza mara moja. Akafungua daftari. Akasoma ukurasa, akafunua. Akasoma mwingine. Akavuta kiti, akakaa. Mafundi wakaanza kukohoa kwa kuchoka. Mwishowe akaanza kusoma kwa sauti, taratibu, kama mtu anayesoma waraka wa askofu.

Alhamisi. Imelia mara thelathini na nne. Kuku ishirini na tatu, mume wangu kumi, baba mkwe mara moja, akiwa na shati. Ijumaa. Baba mkwe amepita na koti na blanketi, haikulia. Kosa kubwa. Jumamosi tumejaribu tena, baba mkwe amekubali kunisaidia. Na blanketi, mara kumi: haikulia hata moja. Na koti: imelia mara mbili kati ya kumi. Na shati: imelia mara tisa. Nafikiri bodi haina kosa. Sensa inahisi joto la mwili, na blanketi linalizuia joto ndani. Mahali pa baridi kama kwetu, ambapo wazee wanajifunika, isitegemewe kwa watu.

Mimi nilikuwa namfikiria Baba, anavua na kuvaa blanketi kwenye baridi ile. Kumbe!

"Nani ameandika hiki?" Madam aliuliza.

Nikasema ni mke wangu, kwa maagizo yangu, chini ya usimamizi wangu wa karibu. Akaomba namba yake. Akapiga pale pale, akaweka sauti ya nje. Devotha akapokea, kwa nyuma nikasikia sufuria. Wakasalimiana vizuri, habari za Iringa, habari za baridi. Madam akamuuliza kwa nini alimvua mzee blanketi.

"Nilitaka nijue kama ni bodi haimwoni au ni blanketi linamficha," Devotha alisema. "Nisingeweza kumlaumu mtu bila kujua."

Akamuuliza kama angeshauri familia nyingine waitumie kwa ajili ya wakwe. Devotha alisema hapana, mzee anakohoa vizuri tu. Lakini akasema ingefaa sana bandani, maana kuku haijawakosa hata mara moja.

Walicheka wote. Liberatus alicheka mpaka akajifuta macho. Madam akafunga daftari, akasema hicho ndicho alichokuwa anakitafuta kwa wiki nzima, mtu anayeandika kilichotokea. Akamwomba Devotha aje Iringa Jumamosi kuanza mafunzo. Yeye ndiye mkufunzi wa Mbeya.

Pale kwenye simu Devotha akauliza kwa sauti ndogo kama Baba Blessing yupo hapo, na kama hajisikii vibaya. Madam akaniangalia. Wote wakaniangalia. Nikasema najisikia vizuri sana. Sauti ilitoka nyembamba kidogo kwa sababu ya mwinuko.

Jumatano, 11 Juni

Nimefikiri. Kwa kweli nimeshinda. Kilichoshinda ni bodi niliyopewa mimi, kwenye korido yangu, na daftari nililotoa mimi. Mwalimu akifaulisha mwanafunzi nani anastahili sifa? Nimemweleza Baba hivyo. Alikohoa mara mbili.

Nimekwenda kwa Liberatus kumwambia kwamba ule mpango wa kibanda ulikuwa wa muda. Ameshapaka rangi. Ameng'oa jina langu, ameweka taa yake ya vifaranga mlangoni, inawaka jioni vizuri tu, sikatai. Tukaenda kwa Mzee Budeba. Balozi akatoa barua, akasoma maneno yangu mwenyewe: kwa moyo mkunjufu, bila kulazimishwa, hata milele. Hiyo "hata milele" niliiongeza mimi, ilinoga. Budeba alisema Wasukuma kama yeye wana subira na kila kitu isipokuwa mtu anayekana saini yake.

Nyumbani Devotha alikuwa ananyoosha nguo za safari. Hakunisimanga hata kidogo. Aliniwekea chai na akasema tutaona namna, nisijali, Mungu hamtupi mja wake. Ningependa kidogo angenisimanga.

Jumamosi, 14 Juni

Devotha ameondoka leo asubuhi. Wiki mbili, atalala kwa mama yake Tosamaganga. Kabla ya kuondoka alisimama mbele ya mlango wa chumba cha Baba, mlango umefungwa, akaaga. Baba akajibu kutoka ndani kwa meno mapya, sauti imebadilika, imekuwa ya mtu mkubwa serikalini. Alimwambia aende salama, na asimsahau mwanawe mpumbavu. Alidhani nipo nje.

Kwa hiyo nimebaki na Baba mpaka apatikane mtu wa kumsindikiza Tukuyu. Napika mimi. Mchana wali ulikuwa mbichi, jioni umekuwa uji. Anakula bila neno, hatumi shukrani.

Lakini habari kubwa! Madam Veneranda ametangaza kwamba mkufunzi wa Mbeya ataruhusiwa kuwa na msaidizi mmoja. Maombi yapelekwe kwa mkufunzi mwenyewe. Nikauliza, mkufunzi ni nani? Ni mke wangu! Nani mwingine atampa? Hii sasa iko mfukoni. Nimempigia Liberatus, nimemwambia aje achukue na vifaa vyangu vyote, bisibisi, pasi ya kuchomelea, kioo cha kukuzia, kwa sababu karakana itanipa vipya. Aliuliza mara mbili kama nina hakika. Mzee Budeba ameweka saini saa kumi.

Nikatuma maombi kwa Devotha. Amejibu jioni, kwa adabu, kama anavyojibu kila mtu. Amesema waombaji wako sita, na kila mmoja atapewa bodi aijaribu kwa wiki nzima, kisha aandike kwa kweli kilichotokea. Amesema na mimi nitapewa ya kwangu, na ananiombea. Mwishoni ameandika kwamba maharage yako kwenye ndoo ya bluu.

Wiki nzima! Mtu mwenye uzoefu hahitaji wiki. Nimekaa mezani baada ya kuosha vyombo, nimeandika tathmini yote, kurasa nne, safi, hakuna neno hata moja lililofutwa. Bodi itafika na basi la Jumatano.